Idhini na Shauri: Haki ya Mgonjwa Katika Uchunguzi wa Maradhi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi na akateremsha na dawa yake, na akampa mwanadamu akili ya kuitafuta. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa akitaka shauri kwa sahaba zake ilhali yeye ndiye ateremshiwaye wahyi, na ziwashukie ali zake na sahaba zake wote.

Ama baadu. Mas-ala yanayosemwa katika waraka huu ni haya. Wakija matabibu katika mji, wakataka kuchunguza maradhi ya watu wake, wakataka damu zao na mikojo yao na khabari za nyumba zao, au wakataka kuwapa dawa ambayo bado haijajulikana nafuu yake yote wala madhara yake yote, je, watu wale wana haki gani? Yatosha kuwa mtu ameulizwa, "Umeridhika?" naye akajibu, "Nimeridhika," akatia kidole chake katika karatasi? Au wana haki iliyo zaidi ya hiyo, ya kuwa washirika katika jambo lenyewe, tangu kutungwa swali hatta kuletwa jawabu?

Jawabu kwa ufupi ni hili. Idhini ni wajibu, wala si halali kuchukua kitu katika mwili wa mtu mwenye akili bila ya idhini yake. Lakini idhini haiwi ya kweli illa itanguliwe na shauri. Palipokosekana shauri, nyingi katika idhini zinazochukuliwa huwa ni idhini za haya, na kitu kilichochukuliwa kwa haya hakina uhalali wa kutuliza moyo. Na hayo ndiyo yatakayobainishwa, inshallah.

MFANO WA MAS-ALA

Jambo lisilo mfano halishikiki. Basi na achukuliwe mtu wa Kalemela. Kalemela ni kata katika wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, mkoa uliofanywa mwaka 2012 na makao yake makuu yakawa Bariadi. Kabla ya hapo ilikuwa katika wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Ni nchi ya Wasukuma, upande wa ziwa, na watu wake ni wakulima na wafugaji na wavuvi. Mfano umepelekwa mbali na pwani kwa makusudi, ili msomaji wa Tanga au Unguja au Mombasa alitazame jambo hili kama atazamavyo jambo la mwenziwe, bila ya kujitetea, kisha arudi ajitazame mwenyewe.

Mtu huyo na akadiriwe kuwa ana mtoto mchanga, na mtoto ana homa, amempeleka zahanati. Pale anaambiwa kuwa kuna uchunguzi unafanywa, na kwamba mtoto wake aweza kutiwa ndani. Anasomewa karatasi yenye kurasa nyingi, kwa Kiswahili cha vitabuni, na lugha aliyolelewa nayo ni Kisukuma. Amsomeaye ni mwenziwe yule yule amtegemeaye kwa dawa ya mtoto. Nyuma yake watu wamepanga safu wanangoja. Anaambiwa, "Una hiari, waweza kukataa." Naye anafikiri: Nikikataa, kesho nikirudi na mtoto huyu nitatazamwa kwa jicho gani? Basi anasema, "Nimekubali," anatia kidole, anakwenda zake.

Huyu hakupigwa wala hakutishwa, na wala hakudanganywa. Karatasi yake imetimia. Lakini je, ameridhika?

HAYA NA RADHI

Imamu Ghazali amebainisha katika Ihya kuwa mtu akiombwa mali mbele ya watu, akatoa kwa kuona haya na moyo wake haupendi, basi mali ile kwa mwenye kuipokea ni kama iliyochukuliwa kwa nguvu. Hakuna tafauti, kwake yeye, baina ya kumpiga mtu mgongo kwa fimbo na kuupiga moyo wake kwa fimbo ya haya. Na maulama wa madhehebu ya Shafi waliokuja baada yake wameyakubali maneno haya. Basi ikiwa hukumu ni hiyo katika shilingi, itakuwaje katika damu? Mali hurudishwa, mtu akachuma nyingine. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu kwa mja wake, na khabari ya ugonjwa wa mtu ikisha kutoka hairudi.

Na katika sira ya Mtume (s.a.w.) liko jambo ambalo kila tabibu yapasa alijue. Amepokea Bibi Aisha, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho watu wa nyumba yake walimtia dawa katika upande wa kinywa chake. Akawaashiria wasifanye. Wao wakasema kuwa huko ni kuchukia dawa tu, kama wagonjwa wote wachukiavyo, wakamtia. Alipopata nafuu akawauliza kama hakuwakataza, kisha akaamrisha kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ile ile naye akitazama, illa Abbas, kwa kuwa hakuhudhuria. Wanazuoni wana maneno mengi juu ya sababu ya amri hiyo. Lakini dhahiri yake haifichikani. Waliomtia dawa walikuwa ni watu wampendao kuliko nafsi zao, na nia yao ilikuwa njema, na pamoja na hayo hawakupata udhuru. Kosa lao ni moja: waliiona ishara ya mgonjwa, wakaifasiri kwa rai yao, wala hawakumsikiliza.

Basi mapenzi ya tabibu hayasimami mahali pa radhi ya mgonjwa, wala elimu yake, wala wema wa makusudi yake.

MIPAKA YA IDHINI

Mafakihi wa Shafi wamesema kuwa mwenye kupiga chuku au kutoa damu kwa idhini ya mwenyewe, naye ni mjuzi wa kazi yake, hana dhamana likitokea lisilokusudiwa. Maana yake ni kuwa dhamana imeondoka kwa mambo mawili pamoja, ujuzi na idhini. Likikosekana moja, dhamana imerudi. Na imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kuwa ajifanyaye tabibu naye hajulikani kwa utabibu, huyo ni mwenye kudhamini.

Na idhini ina mwenyewe. Sheha wa mji, au mwenyekiti wa kijiji, au mzee wa msikiti, aweza kuwaruhusu wageni kuingia mjini. Hawezi kutoa damu ya mtu mwingine. Wako wadhanio kuwa wazee wakikubali barazani basi mji wote umekubali, na huko ni kuchanganya haki mbili. Baraza hufungua njia. Mwili wa mtu haufunguliwi illa na mwenyewe.

Na mtoto mdogo hana idhini, walii wake ndiye amsemeaye. Lakini walii hakupewa mtoto kama alivyopewa mbuzi. Hukumu katika Sharia ni kuwa walii hatendi katika jambo la mtoto illa kwa maslaha ya mtoto. Basi baba aliyeulizwa juu ya mwanawe akajibu "Ndiyo" kwa kumstahi mganga, au akajibu "Siyo" kwa kiburi cha kuonyesha kuwa yeye ndiye mwenye nyumba, wote wawili hawakutazama maslaha. Na wangapi katika wanaume wa pwani hukataa au hukubali bila ya kumuuliza mama wa mtoto, naye ndiye akeshaye na homa ile, ajuaye ilianza usiku gani na ilipungua kwa kitu gani! Mtume (s.a.w.) siku ya Hudaibiya aliingia hemani kwa Bibi Umm Salama, akamtolea khabari ya sahaba zake waliokawia kutii, akamsikiliza rai yake, akaifuata, na jambo likatengenea. Asiyetaka shauri kwa mkewe katika siha ya mtoto wao na ajiulize amemfuata nani.

SHAURI NI HAKI YA NANI

Mwenyezi Mungu katika Sura Al Imran amemuamrisha Mtume wake ashauriane na watu katika mambo, na katika Sura ash-Shura amewasifu waumini kuwa mambo yao huendeshwa kwa kushauriana. Na atakayesema kuwa shauri ni la wajuzi tu, na mkulima au mvuvi hana neno katika elimu ya utabibu, na aangalie khabari ya mitende ya Madina. Mtume aliwakuta watu wakiipandikiza mitende, akasema neno kwa dhana yake, wakaacha, matunda yakapunguka. Walipomwambia, akawajulisha kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Basi aliyekuwa mbora wa viumbe aliwapa wakulima haki ya elimu yao katika shamba lao. Itakuwaje tabibu wa miaka sita ya chuo asimpe mtu wa Kalemela elimu ya ziwa lake, ajuaye saa gani watoto huingia majini, na kwa nini wanawake hufulia pale na si pale?

Na khabari iliyo karibu zaidi na mas-ala haya ni ya Sayyidna Umar. Alipokuwa akienda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa tauni imeingia nchi ile. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, wakakhitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakawa na neno moja, kuwa arudi na watu wala asiwatie katika maradhi. Abu Ubaida akauliza kama huko si kukimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa ndiyo, ni kuikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akaja Abdurrahmani bin Auf, ambaye hakuwapo pale kwa haja yake, naye ndiye aliyekuwa na hadithi ya Mtume iliyokata jambo lile. Elimu ilikuwa kwa mtu asiyehudhuria. Na hivyo ndivyo ilivyo aghlabu: kitu kinachotafutwa kiko kwa mtu ambaye hapana aliyemuuliza.

USHAHIDI WA NCHI YA ZIWA

Haya si ya vitabuni tu. Katika miaka ya 2005 hatta 2007 ulitimia uchunguzi wa aina moja katika nchi tatu, Afrika ya Kusini, na Kenya katika mji wa Kisumu, na Uganda katika wilaya ya Rakai, ukadhihirisha kuwa tohara humpunguzia mwanamume khatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi kwa kadiri ya 60 katika mia. Shirika la Afya la Ulimwengu likaagiza mwaka 2007 kuwa tohara iwe miongoni mwa njia za kujikinga. Msomaji wa pwani atafurahi kusikia hayo, kwani tohara ni mila ya Nabii Ibrahimu, na kwa Imamu Shafi ni wajibu. Lakini asifurahi upesi, yako ya kuzingatia.

Wasukuma kwa asili hawakuwa na dasturi ya tohara. Serkali ilipopeleka waganga kuitoa bure katika vijiji vya nchi ya ziwa, wanaume wengi hawakwenda. Elimu ilikuwa imethibiti, na dawa ilikuwa bure, na watu wakakaa majumbani. Walipoulizwa sababu, katika majibu yao lilikuwapo hili, kuwa wengine walidhani tohara ni jambo la Waislamu, na Mkristo hapaswi nayo. Basi tangu mwaka 2014 hatta 2015 watafiti wakafanya jambo jingine. Walichukua vijiji 16 vya kaskazini ya magharibi ya Tanzania. Katika vijiji 8 waliwakalisha viongozi wa makanisa, wakawafundisha kwa ulimi wa mchungaji na tabibu, wote wawili Watanzania, wakawaacha wayapime maneno hayo kwa dini yao na kuyasema kwa watu wao kama waonavyo. Katika vijiji 8 vingine waganga walikwenda kama dasturi. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2017, katika vijiji vya kwanza walikuwa wametahiriwa wanaume 52.8 katika mia, na katika vile vingine 29.5 katika mia.

Zingatia. Dawa ni ile ile, na waganga ni wale wale. Kilichozidi ni kuwa watu walisikilizwa kwanza kinachowazuia, kisha waliokuwa na heshima mbele yao wakafanywa washirika. Kuuliza sababu kulifaa kuliko kulaumu.

USHAHIDI WA PEMBA NA KILIFI

Na sasa arudi msomaji pwani, maana pwani ndiko yalikotokea yaliyo mazito zaidi.

Katika kisiwa cha Pemba ulifanywa uchunguzi mkubwa juu ya watoto wadogo wapatao 24,000. Baadhi yao walipewa chuma pamoja na dawa ya foliki kila siku, kwa kutumaini kuwaondolea upungufu wa damu. Wakati huo mashirika makubwa ya ulimwengu yalikuwa yakishauri watoto wa nchi kama hizi wapewe chuma, na kila mtu alidhani ni kheri tupu. Lakini ikadhihiri kuwa, katika nchi yenye homa nyingi ya malaria, watoto waliopewa chuma walizidi kwa 12 katika mia katika kufa au kulazwa hospitali. Kamati ya kuangalia usalama ikashauri, na tarehe 19 Agosti 2003 utoaji wa chuma katika uchunguzi ule ukasimamishwa. Khabari ikatangazwa mwaka 2006, na Shirika la Afya la Ulimwengu likabadilisha shauri lake. Na ikaonekana pia kuwa watoto waliokuwa wamepungukiwa na chuma kweli, wakapimwa na kuangaliwa kwa karibu, wao walinufaika.

Hapa ndipo penye uzito wa mas-ala. Atakayesema, "Afadhali uchunguzi ule usingalifanywa," amesahau kuwa dawa ile ingaliendelea kutolewa katika nchi nyingi, na madhara yake yangalifichika, maana mtoto afaye kwa homa hapana ajuaye kilichomzidishia. Na atakayesema, "Jambo limekwisha, elimu imepatikana," amesahau kuwa elimu ile ililipiwa na nyumba za Pemba, si za mji mwingine. Kila mtoto wa Afrika anayekingwa leo kwa tahadhari ile, yuko katika fadhili ya watoto wale. Basi mtu mwenye fadhili kama hiyo haki yake ni nini? Haki yake ya kwanza ni kuambiwa: arudishiwe khabari nyumbani kwake, kwa lugha yake, kuwa kilichotafutwa ni hiki na kilichoonekana ni hiki. Ulimwengu ukisoma matokeo katika magazeti ya matabibu, na mama wa mtoto asisikie, huyo amechukuliwa amana yake wala haikurudishwa. Na Mwenyezi Mungu katika Sura an-Nisaa ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe.

Ama Kilifi, hapo pana kituo cha uchunguzi cha KEMRI tangu mwaka 1989. Palikuwa na watu waliokiogopa kwa sababu ya damu zinazochukuliwa, na khofu ya mumiani ni ya zamani katika pwani yote. Wenye kituo hawakutosheka na kuwacheka watu. Katika miaka ya 2000 walifanya wajumbe kutoka vijijini, waliochaguliwa na wenyeji wenyewe, wasio waajiriwa wa kituo, wakikutana nao mara kwa mara, wakiwafunulia uchunguzi kabla haujaanza, na kuyapeleka kwao maneno ya watu. Ni njia njema. Lakini hatta hiyo ina fitina yake, nayo imeonekana na waliouangalia mpango huo: mjumbe aliyechaguliwa na kijiji, akizoea kukaa na wenye kituo, huwa pengine msemaji wa kituo kwa watu kuliko kuwa msemaji wa watu kwa kituo. Mjumbe ni wakili, na wakili akimpendelea asiyemwakilisha amekhini. Na ajuaye hatari hii aweza kujilinda nayo.

Na katika Unguja na Pemba, baina ya mwaka 2011 na 2017, palikuwa na kazi ya kuondoa kichocho. Katika baadhi ya shehia wenyeji walikaa na watafiti wakatafuta wenyewe njia za kuwatoa watoto katika maji yenye konokono: wakatengenezewa mahali pa kufulia nguo nje ya mto, na mahali pa kukojolea katika skuli, na michezo mingine badala ya kuogelea. Na waliofundisha hawakuwa walimu wa skuli tu, bali na walimu wa vyuo vya Kurani pia. Ni haki kusema kuwa hesabu ya mwisho haikuonyesha tafauti kubwa baina ya shehia zile na nyingine zilizopewa dawa peke yake. Shauri si hirizi. Lakini mwalimu wa chuo aliyekuwa akifundisha mlango wa tohara na maji, akajua kuwa katika maji yale yale mna mdudu aingiaye ngozini, hakupoteza kitu. Amezidi elimu katika mlango ule ule.

SHUBHA NA MAJIBU YAKE

Huenda mtu akasema: "Watu hawa wengi wao si Waislamu, nao wana makusudi yao." Jawabu ni kuwa Mtume (s.a.w.) katika Hijra alimwajiri Abdullahi bin Uraikit amwonyeshe njia, naye alikuwa katika dini ya makafiri wa Kikureshi, kwa kuwa alikuwa mwaminifu na mjuzi wa njia. Aulizwe mtu ujuzi wake na uaminifu wake. Na khabari ikija kuwa damu huuzwa, Sura al-Hujurat imeamrisha ichunguzwe kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Mwenye khofu na aende akaulize, wala asikae barazani akizidisha chumvi.

Huenda mwingine akasema: "Yote ni kadari." Jawabu lake limekwisha kupita, nalo ni la Sayyidna Umar.

Huenda wa tatu akasema: "Kazi hii si yetu." Huyu ndiye wa kuonewa huruma. Imamu Ghazali ameuhesabu utabibu katika faradhi za kifaya, akalaumu kuwa miji imejaa mafakihi na haina tabibu Mwislamu. Na imepokewa kuwa Imamu Shafi alisikitika kwa Waislamu kuiacha elimu ya tiba, akaiona ni theluthi ya elimu. Na faradhi ya kifaya ikiachwa na wote, wote wamepata dhambi. Chanjo ya malaria iliyokubaliwa na Shirika la Afya la Ulimwengu mwezi wa Oktoba 2021 ilijaribiwa kwanza tangu 2009 hatta 2014 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba, na miongoni mwa mahali pale ni Bagamoyo na Korogwe na Kilifi. Wazee wa watoto wale wamesimama kwa niaba ya wengine. Basi atakayeichanja nyumba yake leo, na huku awacheka waliokubali jana, amekula tunda na kuutukana mti.

Na huenda tabibu naye akasema: "Shauri linakawiza kazi, na maradhi hayangoji." Kweli, shauri linakawiza. Lakini safari ya Sargh ilisimamishwa kwa mashauri matatu, na tauni iko mbele. Na vijiji vya nchi ya ziwa vimeonyesha kuwa asiyeuliza kwanza hungoja zaidi baadaye.

NJIA ZA KUSHIRIKI

Njia za mtu wa kawaida kuingia katika jambo hili ni tano, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni kabla ya uchunguzi: wenyeji waseme maradhi gani yanawaumiza, ili swali litoke kwao wala lisiletwe tu kama mzigo melini. Ya pili ni katika karatasi ya idhini: wasomewe watu wa kawaida kwanza, waulizwe wamefahamu nini, na neno lisilofahamika libadilishwe kabla halijamfikia mgonjwa. Ya tatu ni kukaa katika kamati, ama ya wajumbe wa mji, ama ile iangaliayo uhalali wa uchunguzi, ambamo husikilizwa na wasio matabibu. Ya nne ni katika kazi yenyewe, kama kukusanya khabari na kuwaangalia wagonjwa, kwani mwenyeji huambiwa asichoambiwa mgeni. Ya tano ni mwisho: matokeo yarudi mjini, yasemwe barazani na msikitini, yawe mazuri au mabaya.

Hatta wenye elimu hiyo ya tiba katika ulimwengu wamekwisha kukiri haya. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, lililowekwa na umoja wa matabibu wa ulimwengu, lilipotengenezwa upya mwaka 2024 liliacha kuwaita watu vitu vya kufanyiwa uchunguzi, likawaita washiriki, likataka washirikishwe kabla ya kazi na katika kazi na baada yake. Jina limebadilika katika karatasi. Kulibadilisha katika zahanati ni kazi ya pande mbili.

Basi mtu wa Kalemela arudi mbele ya macho. Lau baraza lingalikaa mwezi mmoja kabla, akajua uchunguzi ni wa nini. Lau angalipewa karatasi aende nayo kwa mama wa mtoto, warudi kesho. Lau anayemwuliza asingalikuwa yule amtibuye. Lau angalijua kuwa fulani wa kijiji chake alikataa na mtoto wake akatibiwa vile vile, basi neno lake, likiwa ndiyo au siyo, lingalikuwa ni lake. Na hilo ndilo linalotakwa na Sharia, kuwa neno la mtu liwe lake.

Na mtu wa pwani, akijiwa na mfano wa jambo hili, asikubali kwa haya wala asikatae kwa kiburi. Na aulize maneno haya: Mnatafuta nini? Madhara yake ni yapi? Nikikataa nitatibiwa? Khabari zangu atazijua nani? Na matokeo mtaniletea lini? Akijibiwa akaridhika, na atoe kwa nia ya kuwafaa waja wa Mwenyezi Mungu, kwani kumfaa kiumbe ni ibada. Asipojibiwa, kunyamaza kwao ni jawabu.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na wape matabibu elimu pamoja na unyenyekevu, na utujaalie tuwe wenye kurudisha amana kwa wenyewe.

Wallahu a'lamu bis-sawab. Wa sallallahu ala Sayyidina Muhammad wa ala alihi wa sahbihi wa sallam.